Betri za Akiba na Harusi ya Rowena

Jumatatu, 13 Mei

Bila sigara tangu Ijumaa. Bado niko hai, ila sina raha. Nakaa, nasimama, nazunguka sebule, nachungulia dirishani, nakaa tena. Rowena, binti yangu wa pekee, anaolewa Jumamosi. Amesema wazi: nikimnukia moshi hata mara moja, nitakaa kwenye benchi na wageni wengine, na atakayemshika mkono kumpeleka madhabahuni ni Alwyn. Alwyn! Mume wa pili wa mama yake! Fundi umeme mstaafu anayepiga soksi pasi. Mtoto nimezaa mimi, nimembeba mabegani mimi kwenye mvua yote ya Grimsby, halafu huyu bwana aje avune nilichopanda mimi? Thubutu!

Nimenunua sigara ya umeme. Nzuri, inang'aa, ina betri mbili za kuchomoa: moja kazini, moja akiba. Msichana wa dukani, Jodie, mwenye nywele za buluu, alinipa mahubiri marefu. Nitumie chaja yake tu. Nisiiache ikichaji peke yake. Betri ya akiba nisiitie mfukoni ovyo na vitu vya chuma. Nikamwambia, mwanangu, mimi nilikuwa nachaji betri kabla mama yako hajaota meno. Akasema sawa, mzee, lakini nisiitie mfukoni ovyo.

Jumanne, 14 Mei

Chaja waliyonipa inakwenda mwendo wa kobe. Nimeikodolea macho asubuhi nzima huku mguu ukicheza wenyewe. Taa nyekundu. Bado nyekundu. Binadamu gani anavumilia hivi?

Nikapata wazo. Nina chaja ya kompyuta, kubwa, yenye nguvu za kutosha kuvuta treni. Nikakata waya, nikaunga, nikafunga kwa utepe. Mambo yakaenda kasi! Kasi mno. Betri ikawa ya moto kama kiazi kilichotoka kwenye makaa, na ganda lake likachanika pembeni. Sikutaharuki. Marehemu mama yangu aliweka betri za redio kwenye friji maisha yake yote, na redio yake haikuzimika hata siku ya mazishi yake. Nimezilaza zote mbili kati ya siagi na nyama ya nguruwe. Zipumzike.

Jumatano, 15 Mei

Betri zimetoka kwenye friji zimelowa jasho. Hakuna shida. Kitu kikilowa kwetu hukaushwa juu ya redieta, lile bomba la ukutani la kupasha nyumba joto: soksi, taulo, gazeti, hata mkate mara moja. Nikawasha joto la nyumba, ingawa ni Mei, nikazipanga juu yake, nikabaki na singlendi.

Hapo ndipo Glenda, mama yake Rowena, alipoleta suti ya kukodi. Na nani nyuma yake? Alwyn. Kuona redieta tu, rangi ikamtoka. Akaniuliza, Neville, ndugu yangu, unataka kuilipua nyumba au unajaribu tu? Akazima joto bila ruhusa. Akaeleza, kwa ile sauti yake ya upole inayonichefua, kwamba betri haitaki baridi kali, haitaki joto kali, inataka kuachwa mahali pakavu. Na iliyochanika ganda si betri tena, ni balaa. Akaomba aipeleke wanakotupa betri mbovu. Nikamruhusu, kwa shingo upande, ili ajisikie ana kazi. Glenda akasema hajui aliishije na mimi miaka yote ile. Ulikula vizuri, nikamjibu.

Alhamisi, 16 Mei

Betri moja imebaki na inakufa kabla ya chakula cha mchana. Nimeitikisa. Nimeisugua. Nimeipulizia pumzi. Wapi! Nikatoka kutembea ili nisiangushe ukuta.

Miguu ikanipeleka yenyewe mpaka nje ya baa, walipokuwa wamesimama wavuvi wawili wakivuta sigara. Sikuvuta. Naapa. Nilisimama tu upande upepo unakoelekea, nikahema kwa bidii. Na gari gani likapita? La Rowena. Honi ndefu.

Akapiga simu. Nikasema nilikuwa nauliza njia. Njia ya kwenda wapi, akauliza, umezaliwa mtaa huo huo, Baba. Aliuliza kwa upole. Afadhali angepiga kelele. Daktari alipoyasikiliza mapafu yangu mwezi uliopita akakunja uso, ni Rowena aliyelia, si mimi. Mwishowe akasema ananipa nafasi ya mwisho, na kwamba suti ya Alwyn iko tayari. Nimekosa hamu ya kula chipsi.

Ijumaa, 17 Mei

Nimenunua betri mpya mbili. Jodie akanipa kijisanduku cha plastiki cha kuzibebea, bure, akasisitiza hasa. Nikakataa. Kinatuna mfukoni na kuharibu mkao wa suti. Tena Alwyn anacho kama hicho cha kuwekea dawa zake. Basi!

Mazoezi kanisani. Kasisi alisema mwendo wa bibi harusi ni taratibu, hatua, pumzi, hatua. Mimi nilifika madhabahuni Rowena akiwa bado nusu ya njia. Akanikumbusha kwamba hatukimbizwi na mtu. Alwyn alikuwa ameketi nyuma, mikono juu ya magoti, ametulia tuli. Mtu mzima anatuliaje hivyo?

Jumamosi, 18 Mei

Mlangoni mwa kanisa. Kinanda kimeanza. Rowena ndani ya gauni jeupe, ananishika mkono. Machozi yananilenga. Ili nisilie, nikatia mkono mfukoni nikachezea vilivyomo: funguo za nyumba, sarafu kadhaa, betri ya akiba.

Nikahisi joto pajani. Nikadhani ni uchungu wa mzazi. Likazidi. Rowena akanusa, akageuka, macho makubwa: Baba, umevuta! Nikasema hapana mwanangu, ni suruali.

Nikaivua pale pale. Nikaitupa kwenye nyasi, ikafoka na kutoa moshi kati ya makaburi, nami nimesimama na chupi yenye picha za kaa wa baharini, paja jekundu. Shangazi fulani akaanza kusali. Alwyn akaja mbio na ndoo ya mchanga. Hakucheka! Ningemsamehe angecheka. Akamwambia Rowena kwamba, akitaka, yeye yuko tayari. Rowena akafuta pua kwa mgongo wa mkono, akasema nilisema Baba, na ni Baba, hata kama yuko hivyo.

Alwyn akaingia chumba cha wanakwaya. Akatoka amevaa joho lao, suruali yake mkononi. Vaa, bwana, akasema, mtoto anasubiri.

Ilikuwa ndefu mno. Niliburuta miguu nisiikanyage, hatua, pumzi, hatua, mpaka madhabahuni. Kasisi akaniambia sijawahi kutembea vizuri hivyo. Nililia, nakubali. Rowena naye.

Jumapili, 19 Mei

Kwenye karamu kila mtu alitaka picha na Alwyn na joho lake. Sina kinyongo. Kidogo tu. Rowena alinibusu kabla ya kuondoka, akaniuliza kama nimejifunza. Nikamwambia sana.

Na ni kweli. Nimechunguza jambo hili usiku kucha, kwa akili tulivu. Betri ilikuwa mpya, imejaa vizuri, haina kosa. Sarafu nimebeba mfukoni tangu utoto, hazijawahi kuniunguza. Kinachobaki ni funguo. Funguo ndizo mbaya!

Kwa hiyo leo, nikienda kununua gazeti, nimeziacha mezani, mbali kabisa na betri. Mfukoni sarafu na betri tu. Mlango ukajifunga nyuma yangu.

Naandika haya nikiwa nimeketi kizingitini. Nimempigia Glenda, akacheka mpaka akakohoa. Alwyn yuko njiani na vifaa vyake, na nina hakika anaendesha taratibu makusudi. Nimesimama, nimekaa, nimesimama tena. Paja la pili limeanza kupata joto. Litakuwa jua tu, ingawa mawingu yametanda tangu asubuhi.