Alama Mbili za X kwenye Nyumba ya Kona

Hajazaliwa mtu wa kumtapeli Injinia. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili asiwepo wa kunikatiza baadaye, maana foleni ya leo ni ndefu, kinyozi ana mashine moja, na sisi tuliobanana kwenye benchi hili hatuna pa kukimbilia. Hata huyo mzee aliyelazwa kwenye kiti na taulo la moto usoni anaweza kusikiliza, kama hajapitiwa na usingizi. Mimi mwenyewe sikuwepo. Nimesimuliwa na watu wanaoaminika.

Injinia hakusomea uinjinia. Alifika kidato cha nne, akatoka na cheti ambacho ni afadhali tusikijadili, pamoja na sauti nzito ya mtu aliyeajiriwa. Jina lilitokana na kofia. Aliikuta kwenye mitumba, kofia ngumu ya manjano ya watu wa ujenzi, akaongeza na koti linalong'aa lenye mistari ya fedha. Tangu siku hiyo akaijua siri ya mji unaokua: mwenye kofia ngumu na karatasi iliyoviringishwa hazuiwi popote. Anaingia kwenye ua wa watu, anatazama ukuta kwa jicho moja, anatikisa kichwa, na mwenye nyumba anakimbia kumletea kiti. Tena alikuwa mtanashati, niseme ukweli, mrefu, meno yamejipanga. Lakini tuyaache hayo.

Mji ndio uliomlea. Kila uchaguzi ukikaribia, diwani alikuja uwanjani akazindua barabara ileile: njia nne, taa katikati, miti pembeni. Ilikuwa imezinduliwa mara tatu na hakuna aliyeona hata kokoto moja. Kilichokuwepo ni bango. Bango kubwa, lenye maghorofa ya vioo na watu wembamba wanaotabasamu huku wakitembeza mbwa, ingawa mbwa wa mtaa wetu hutembea wenyewe na wakati mwingine hutukimbiza sisi.

Barabara haikuja, lakini bei zilikuja. Diwani akiitaja barabara asubuhi, jioni kiwanja kimepanda. Mwenye nyumba aliyempangisha Injinia alipandisha kodi mara mbili kwa hotuba mbili. Alikuwa akirudi kutoka mkutanoni viganja bado vya moto kwa kupiga makofi, anapitiliza moja kwa moja kugonga mlango wa mpangaji.

Nyuma ya mlango huo waliishi watu wanne katika chumba kimoja: Injinia, mkewe na mapacha wao. Mkewe alikuwa msusi. Kwa miaka tisa alisuka vichwa vya watu mpaka vidole vikapinda, na kila alichopata alikitenga ili siku moja wanunue kibanda chao. Fedha hiyo Injinia aliruhusiwa kuiota tu, si kuigusa. Aliwahi kuomba aizungushe kidogo kwenye biashara, naye mkewe akamwambia taratibu, bila kuacha kusuka, "Baba Pacha, wewe umeshawauzia watu hewa, kivuli, na kiwanja kilichokuwa katikati ya mto. Siku utakayoniletea nyumba yenye kuta nne nikaigonga kwa mkono wangu, hapo tutaongea."

Basi asubuhi moja Injinia anapita zake, akaiona nyumba ya kona.

Ilikuwa nyumba ya Mama Cherehani, mjane, fundi wa nguo za wanafunzi. Vyumba vitatu, bati zima, mbele kibaraza kipana alikoweka cherehani yake. Ilikuwa imepakwa chokaa siku hiyohiyo. Ndoo na brashi bado zilikuwa mlangoni. Mtu mwingine angejiuliza mjane ameingiwa na nini hata apake chokaa ukuta mmoja tu, huu wa mbele, na kuacha mingine mitatu na uchakavu wake. Injinia hakujiuliza. Yeye aliona jambo moja: ukuta mweupe namna ile unaomba X.

Ninyi mnaijua X. Watu wa barabara wakishaamua nyumba yako iko njiani, wanaichora X nyekundu ukutani, na kuanzia hapo huna usingizi. Mpango wa Injinia ulikuwa mwepesi. Achore X, mwenye nyumba ahamanike, auze kwa bei ya kutupa. Kisha yeye aifute, na awe na nyumba nzima kwenye mtaa ambao bei zake zinapanda kila diwani akikohoa. Hatari ilikuwa moja tu, kwamba barabara ije kweli. Akacheka peke yake. Nani katika mji ule aliyewahi kuona ahadi ya diwani ikitembea kwa miguu yake?

Akavaa kofia. Na hapa ndipo muone ufundi wa mtu: alitumia rangi ya maji, si ya mafuta, ili baadaye aifute kwa sifongo bila kuharibu ukuta wake mwenyewe. Akachora X kubwa, akaweka na namba pembeni, maana X bila namba haina heshima.

Mama Cherehani akatoka na utepe wa kupimia shingoni. Akaitazama ile X muda mrefu sana. Akamtazama Injinia. Akaitazama tena.

"Hii umechora wewe, mwanangu?"

"Serikali, mama. Mimi ni mkono tu."

"Kwa hiyo barabara inapita hapa."

"Inapita sebuleni kwako, mama yangu. Pole sana."

Mjane akakaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanatetemeka. Injinia aliona huruma, wallahi. Alisimuliwa baadaye kwamba kuna vicheko vinavyotetemesha mabega vilevile.

Kesho yake akarudi, kofia mkononi, sura ya msibani. Akamweleza mama wa watu kwamba usiku hakulala. Fidia ipo, lakini ina safari ndefu: faili linatoka meza hii kwenda ile, wazee wanakufa kwenye mabenchi wakiwa wameshika namba zao. Yeye yuko ndani, anazijua meza zote. Kwa nini asiichukue nyumba yeye, kwa fedha yake binafsi, ampe mama kitu mkononi leo, halafu ahangaike mwenyewe na hayo mafaili?

Mama Cherehani alimshukuru mpaka Injinia akaona aibu. Hakubishana sana na bei. Alipandisha kidogo, akashusha kidogo, kama mtu anayeheshimu desturi. Ila alikuwa na sharti moja. Alitaka kwenye karatasi ya mauziano iandikwe wazi kwamba mnunuzi anajua nyumba hii imewekewa alama ya kubomolewa, na kwamba ameinunua akiwa na akili zake timamu.

"Mimi mtu mzima, mwanangu," akasema. "Sitaki niende kaburini nikiwa nimemdhulumu mtoto wa mwenzangu."

Injinia karibu amkumbatie. Uaminifu kama huo, mjini hapa, unaukuta wapi?

Akaenda kwa mkewe. Msusi akaja na mapacha, akazunguka nyumba, akagonga kuta zote nne kwa ngumi, akafungua bomba, akatazama bati. Halafu akasimama mbele ya ile X, mikono kiunoni.

"Na hii?"

Injinia akamnong'oneza kwamba hiyo ni kazi ya mikono yake, rangi ya maji, jioni moja na sifongo basi.

"Niapie."

Akaapa kwa mapacha wote wawili, mmoja mmoja. Ndipo mkewe akautoa mfuko uliokuwa chini ya nywele bandia, miaka tisa ya vidole vyake, akaushika kidogo kabla hajauachia.

Karatasi ilitiwa saini kwenye kibaraza, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ambaye ndiye aliyekuwa shahidi na mwenye muhuri. Mwenyekiti alisoma lile sharti la alama, akainua kichwa, akafungua mdomo kutaka kusema neno. Macho yake yakaangukia kofia ngumu na lile koti linalong'aa. Akaufunga mdomo. Akagonga muhuri.

Mama Cherehani alihama siku hiyohiyo. Alihama vizuri mno. Aliondoka na milango, fremu, madirisha, mabomba na nusu ya bati, kila kimoja kikiwa kumbukumbu ya marehemu. Mlango huu marehemu alikuwa akiufungua. Bomba hili marehemu alinawia. Injinia hakuwa na moyo wa kumnyima mjane kumbukumbu zake. Akatundika mashuka mahali pa milango, akalala usiku wa kwanza akiwa mwenye nyumba, akiwaza kodi atakayowatoza watu.

Mvua ilianza siku ya tatu, asubuhi, mvua ya kumwaga. Injinia akatoka na kikombe cha chai kwenda kuifurahia mvua ikimfanyia kazi ya sifongo. Kweli, X yake ilikuwa inateremka ukutani, nyekundu ikawa waridi, waridi ikawa maji. Na chokaa nayo ikaanza kuteremka. Ikabanduka vipande vipande. Na chini ya chokaa ikatokea X nyingine.

Hii ilikuwa ya rangi ya mafuta. Mistari imenyooka kwa rula, namba imepigwa kwa kibao cha tarakimu, pembeni tarehe ya miezi miwili nyuma. Kwa kitambo kidogo alama mbili zilikaa pamoja ukutani, ya uongo ikiitiririkia ya kweli, kisha ya uongo ikaishia mtaroni. Ya kweli ikabaki, inang'aa kwa kuoshwa.

Ilivyokuwa ni hivi. Mfadhili aliyeilipia barabara mara tatu alikuwa ameandika barua kwamba safari hii anakuja kuiona. Ndipo wapimaji wa kweli wakatumwa, wakaja siku ya mkutano wa diwani, wakati mtaa mzima uko uwanjani ukigombea fulana. Mama Cherehani peke yake ndiye alikuwa nyumbani, anashona. Akachorewa X yake, akapewa na barua: nyumba yake, hiyo moja tu mtaani, imejengwa ndani ya eneo la barabara, fidia hakuna. Akalia siku mbili. Kwa wiki kadhaa akaishi na barua yake kimya, kabati limeegeshwa ukutani kuziba alama. Mwisho akanunua chokaa, akitumaini atatokea mnunuzi. Hakutegemea atatokea mnunuzi anayejichorea mwenyewe.

Injinia alimkuta hatua hamsini tu nyuma ya ile nyumba, kwenye kiwanja kilichokuwa cha kutupia taka. Alishakinunua. Mafundi walikuwa wanapachika milango, ileile, na cherehani ilikuwa inalia chini ya turubai. Barabara ikishapita, duka lake ndilo litakalotazamana nayo.

"Mama, ulijua," akasema Injinia, maji yanamtoka kwenye kofia.

"Nilijua nini, mwanangu?"

"Kwamba itabomolewa."

Mama Cherehani akakata uzi kwa meno. "Si wewe uliyekuja kuniambia? Na kofia kichwani. Mimi nikasema huyu ni mtu wa serikali, anayajua kuliko mimi. Nikaomba tuandike, ukaandika. Sasa nilikuficha nini ambacho hukunionyesha wewe mwenyewe?"

Angekwenda kushtaki aseme nini? Kwamba alidanganya, na uongo wake ukatokea kuwa kweli?

Tingatinga lilikuja wiki iliyofuata, likifuatwa na diwani, mfadhili na watu wa picha. Diwani alisema mbele ya kamera kwamba yeye huahidi na kutimiza. Kazi ilianzia kwenye nyumba ya kona. Kwa kuwa haikuwa na milango wala madirisha, ilianguka bila kelele nyingi. Msusi alisimama upande wa pili na mapacha. Aliuangalia ukuta alioupiga ngumi kuhakikisha.

Kwa hiyo nikisema hajazaliwa wa kumtapeli Injinia, nashikilia palepale. Injinia hakutapeliwa. Injinia alipatwa na ajali ya maendeleo. Akasimama pale kishujaa, akakunja koti lake, akaenda zake kichwa juu.

Nilikuwa hapo, patamu kabisa, taulo likasogea.

"Hakwenda kichwa juu," ikasema sauti chini yake. "Alikwenda ofisini kwangu, akalia, akafutia pua rejista ya mtaa. Ukurasa wenyewe hausomeki mpaka leo."

Nikamwambia mzee kwamba pengine anamfananisha. Injinia ninayemsema mimi si mtu wa kulia.

Mzee akaliondoa taulo, akakaa sawa, povu shavu moja. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani: mara ya kwanza ana muhuri mkononi, mara ya pili ana rejista.

"Siku ile nilitaka kukwambia," akasema mwenyekiti wa mtaa. "Nakala ya barua ya yule mama ilikuwa mfukoni mwangu. Nikatazama koti lako, nikajisemea, mimi nani nimfundishe injinia barabara." Akapangusa povu polepole. "Mama Pacha kapita kwangu jana. Anauliza kama kuna sheria inayomkataza kubadilisha kufuli la chumba mlichopanga. Nikamwambia haipo. Ndiyo maana nakuona unashinda kwa kinyozi, kichwa chenyewe umenyoa juzi."

Benchi zima likageuka kukitazama kichwa changu.

Mzee akashuka kitini, kinyozi akakung'uta kitambaa, akageuza kiti kunielekea. "Haya, Injinia, zamu yako," akasema. "Ila wewe unalipa kwanza."