Kumtafutia Meya Joto

Jumapili, 13 Julai

Baridi! Mtaa mzima wa Donholm umeenda kanisani na majaketi. Mchungaji amefupisha mahubiri, Mungu ambariki. Nimerudi nyumbani nikaenda moja kwa moja kwa Meya kabla hata ya kuvua viatu. Kipimajoto: nyuzi ishirini na mbili. Meya amejikunja pembeni. Hajaniangalia.

Mimi, Mutheu, nilikuwa karani wa jiji miaka ishirini na sita na najua faida ya kuweka kumbukumbu. Basi niandike: Meya ni chatu. Ni wa ile aina fupi ya Afrika Magharibi inayojiviringisha ikawa kama mpira. Marehemu mume wangu, Kyalo, alikuwa mchonga vinyago. Alipewa Meya na daktari wa mifugo aliyekuwa akihama nchi, ili amwangalie anapochonga nyoka wa mbao. Nyoka wa mbao wakakosa wanunuzi, Meya akabaki. Jina alimpa Kyalo mwenyewe. Alisema huyu anakula mara moja kwa mwezi, na siku zilizobaki analala mkutanoni.

Kibali kilikuwa kwa jina la Kyalo. Jumamosi anakuja afisa wa wanyamapori kuamua kama nitarithi. Barua inasema sanduku la kioo liwe na nyuzi thelathini na moja upande wa joto, na unyevu asilimia sitini. La sivyo, Meya anahamishwa. Binti yangu Ndindi amepiga simu kutoka Eldoret akasema huu ndio wakati mzuri wa kumwachilia. Nimemwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Mpango upo. Sijawahi kukosa mpango.

Jumatatu, 14 Julai

Kile kitambaa cha umeme alichokiweka Kyalo chini ya sanduku kiliungua mwezi wa tano. Kipya kinauzwa kwa bei ya watu wa mtaa mwingine kabisa. Kwa hiyo: balbu! Ile ya zamani, ya kuchoma mkono.

Nimeingia maduka saba. Yote yana balbu hizi mpya, nyeupe kama mwanga wa hospitali. Nimemwambia mwenye duka wa saba kwamba nataka inayotoa joto. Amenieleza kwa upole kwamba siku hizi hazitoi joto, na kwamba huo ndio uzuri wake. Uzuri! Tulipokuwa wadogo, kwenye nyumba yetu ya mtaa wa Jericho, baba alikuwa akikausha soksi zetu za shule juu ya balbu ya sebuleni. Asubuhi nyumba nzima ilinuka pamba iliyoungua kidogo, na tulitembea hadi shuleni miguu ikiwa na moto wa nyumbani. Sasa niambie, nani atakausha soksi kwa kitu hiki?

Nimeinunua moja hata hivyo. Nyuzi hazijapanda hata nusu.

Jambo moja tu. Phelister wa nyumba ya pili anayo ya zamani. Nimeiona ikiwaka manjano kwenye baraza yake, juu ya katoni la vifaranga. Lakini mimi na Phelister tunasalimiana tu. Siku ya matanga ya Kyalo watu walisifu chapati zake mbele yangu, mimi mfiwa. Siwezi kumwomba balbu mtu wa namna hiyo.

Jumanne, 15 Julai

Nimefikiria mbuzi. Mbuzi hajawahi kulalamika baridi. Kwa nini? Ngozi!

Asubuhi nimeenda machinjioni Kiamaiko nikarudi na ngozi mbili mbichi kwenye gunia. Aliyeniuzia aliuliza ni za ngoma au za kiti. Nimesema za nyoka. Akahesabu pesa haraka akageukia mteja mwingine.

Nimezizungusha kwenye sanduku, manyoya ndani. Saa tano nyuzi ishirini na mbili. Saa saba nyuzi ishirini na mbili. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ngozi haimletei mtu joto, inalinda tu lile alilokuwa nalo. Meya hakuwa nalo.

Saa nane nzi wote wa Eastlands wamepata habari. Nimemsikia Phelister barazani akiuliza kwa sauti kubwa kama kuna mtu amefariki. Nimefunga dirisha. Kosa kubwa! Nimelifungua tena. Ngozi nimempa mlinzi wa geti, naye amezipeleka mahali ambapo sikuuliza.

Jumatano, 16 Julai

Leo ushindi! Wa unyevu, angalau.

Zakariye, muuza madafu wa pale barabarani, hutupa makumbi ya nazi kila jioni. Nimemwomba gunia zima. Aliuliza nafuga nini. Nilipomwambia alicheka hadi akaweka panga chini, kisha akasema kwao wazee walizoea kuona nyoka wakijificha ndani ya makumbi kwa sababu yanashika maji kama sifongo. Hakutaka hata senti.

Nimeyachambua nyuzi nyuzi nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kazi cha Kyalo. Mikono ilijaa vumbi la kahawia, kama yake. Kwa dakika chache nimesahau kwamba si yeye anayekohoa kule chumba cha pili. Ilikuwa redio.

Nimeyalowesha, nikayatandika. Kipima unyevu: asilimia hamsini na tisa! Meya ameingia chini yake, amebaki pua tu. Lakini joto ni ishirini na moja. Sasa ana baridi na amelowa.

Alhamisi, 17 Julai

Niandike polepole.

Mchana Phelister amebisha. Kwaya ina mazoezi, je, naweza kumwangalizia vifaranga? Nimesema bila shaka, majirani ni wa nini. Ameniachia ufunguo. Ufunguo!

Mpango ulikuwa rahisi: kuazima balbu saa moja tu, nipime. Nimeifungua kwa leso, nikaweka yangu mpya mahali pake. Ikang'aa vizuri, vifaranga wakaona bado wana taa. Nimekimbia kwangu. Mwanga wa manjano! Sebule yote ikawa ya zamani. Meya akainua kichwa. Nyuzi ishirini na sita, ishirini na nane, ishirini na tisa. Nimevuta kiti, nikakaa hapo nikimwangalia akijinyoosha, na sikukumbuka kitu kingine chochote duniani.

Mwalimu wa kwaya alikuwa na mafua. Phelister akarudi mapema.

"Mama Ndindi, balbu yangu iko wapi?"

"Balbu gani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mwanga ulikuwa unatoka nyuma yangu, nang'aa kama picha ya mtakatifu.

Alifungua kiganja. Kifaranga kimoja, miguu imenyooka, macho yamefumba.

Sijawahi kuona aibu ya namna hiyo, hata siku ile nilipoiandikia familia ya karani mkuu barua ya rambirambi na yeye bado yu hai. Nimekimbia kabatini nikatoa sweta ya Kyalo, ile ya kahawia. Tumekifunga. Tumepiga magoti, wanawake wawili wazima, tukakishikilia karibu na balbu, huku Meya akitutazama kupitia kioo. Phelister aliuliza kama anauma. Nimesema hajawahi kuuma kitu isipokuwa kiatu kimoja. Tukakisugua mgongo. Muda mrefu sana. Kisha ndani ya sweta: chwii.

Phelister akaketi sakafuni.

"Ungeniomba tu," akasema.

Mume wake, Phares, alikuwa mtu wa reli. Walipohama nyumba za reli kule Makongeni, alibeba boksi zima la balbu, akasema siku moja watu watazililia. Ni miaka minne tangu afariki.

"Ziko kumi na moja chini ya kitanda. Ungeniomba tu, Mama Ndindi."

Akakumbuka jinsi Phares na Kyalo walivyokuwa wakicheza drafti pale ngazini kwa vifuniko vya soda, na jinsi walivyokosana wiki mbili kwa ajili ya kifuniko kimoja. Nikamkumbusha kwamba walipatanishwa na chapati zake. Maneno yalinitoka kabla sijayazuia. Tukacheka, kisha tukawa tunalia kidogo, kisha tukaenda kuwapa vifaranga balbu yao. Nimerudi na ya kwangu kutoka boksi la Phares, ikiwa bado kwenye karatasi yake ya zamani.

Nimeazimia: kuanzia leo nitakuwa naomba. Mipango basi.

Ijumaa, 18 Julai

Joto: thelathini na moja kamili. Unyevu: sitini na moja. Meya anatembea. Anatembea!

Sasa, mtu mwingine angeishia hapo. Lakini je, stima ikipotea? Je, afisa akifungua mlango na upepo ukaingia? Mtu mwenye busara huongeza kidogo. Nimeongeza chupa nne za maji moto. Nimeongeza pasi ya makaa ya marehemu mama, kwa nyuma, na dirisha liko wazi. Nimezungusha sweta ya Kyalo juu ya vyote.

Phelister amekuja kuangalia akaniambia niache kama ilivyokuwa. Nimemkumbusha kwamba nina uzoefu wa miaka ishirini na sita. Akauliza uzoefu wa nini, wa kupiga muhuri?

Jumamosi, 19 Julai

Afisa anaitwa Deeqa. Ni msichana mpole, buti kubwa, begi dogo. Amekataa chai hadi amalize kazi, nikamheshimu hapo hapo. Ameingiza kipimajoto chake mwenyewe. Tumengoja. Phelister alikuwa amesimama mlangoni bila kualikwa.

"Thelathini na nane," akasema Deeqa.

Nimetabasamu. Nilidhani ananipa alama.

Yeye hakutabasamu. "Mama, unamwona alipo? Ameingia kwenye bakuli la maji. Anakukimbia wewe."

Nimeketi. Amesema kwa sauti ya chini kwamba saa chache zaidi hivi na ningempoteza. Wiki nzima nimeogopa baridi, na ni mimi niliyekuwa namuua.

Ameanza kutoa. Pasi nje. Chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kila kitu alikipanga mezani mbele yangu kama ushahidi. Akafika kwenye sweta.

"Hiyo haitoki," nikasema.

Akaniangalia. Akauliza kwa nini hasa namtaka huyu nyoka, maana wengi wa umri wangu wangefurahi achukuliwe. Nilikuwa nimeandaa jibu la kurasa mbili. Badala yake nimemwambia kwamba asubuhi za Julai Kyalo alikuwa akiweka kiganja kwenye kioo upande wa joto, anahesabu hadi kumi, kisha anakuja kunishika shavu nikiwa bado nimelala. Anasema, amka, Meya anakusalimia. Miaka tisa. Ndiyo sababu. Sina nyingine.

Deeqa ameisogeza sweta kiasi cha kiganja kimoja, mbali na matundu ya hewa. "Hii ikae," akasema.

Sasa akakubali chai. Phelister akaleta chapati. Tumekunywa tukingoja nyuzi zishuke, na zimeshuka: thelathini na nne, thelathini na mbili, thelathini na moja. Unyevu sitini. Meya ametoka majini polepole, akajilaza juu ya makumbi. Deeqa ametia saini. Kibali ni cha miezi sita, na kuna sharti moja lililoandikwa kwa mkono na kupigiwa mstari mara mbili: MAMA MUTHEU ASIONGEZE KITU.

Nimelia mbele ya mgeni. Si kawaida yangu.

Jumatatu, 21 Julai

Wiki mpya, amani. Sijaongeza kitu. Nimekaa mikono mitupu tangu asubuhi, na ni vigumu kuliko nilivyodhani.

Ila Jumamosi wakati wa chai Deeqa alitaja, kwa kupita tu, kwamba ofisini wana kenge aliyeokolewa nyuma ya baa moja kule Kayole, na hawajapata wa kumlea. Anahitaji joto la nyuzi arobaini na beseni la kuogelea. Watu wanaogopa kazi. Mimi siogopi kazi.

Nimeandika barua ya maombi, nakala tatu, na kuambatisha kibali changu kama uthibitisho wa uzoefu. Kisha nimepima bafu kwa utepe wa Kyalo. Kenge anatoshea vizuri, mradi mimi niwe naoga kwa Phelister. Nitamwambia barua ikijibiwa.