Ringi ya Mjomba Mzukisi

Jumapili, 20 Agosti

Kitabu, salamu nyingi. Lilitha mwanangu ndiye aliyekununua. Alisema, mama, wasiwasi wako mwandikie huyu, usiniamshe nao, nina mtihani. Mimi nimezoea barua tu, basi nakusalimu kama barua. Sisi hapa Mdantsane hatujambo. Lilitha hajambo, anasoma, anakula kidogo mno. Makhulu, mama wa marehemu mume wangu, hajambo, ni magoti tu na masikio. Kuku hawajambo. Mbwa hajambo, ingawa hana faida. Mdogo wangu Mzukisi kule Cape Town hajambo, alipiga simu jana. Jirani yangu MaDlomo hajambo, kwa bahati mbaya.

Asiye mzima ni gari.

Gari ni la Mzukisi. Jekundu, milango miwili, limeinama kama linanusa barabara. Aliliacha kwangu tangu Juni, chini ya turubai, kwa sababu nina ukuta na geti. Aliniambia nilitazame tu. Ijumaa hii, kwa gari hilo, yeye mjomba atampeleka Lilitha kwenye sherehe ya kuaga shule. Aliahidi siku tuliyomzika baba yake. Mtoto hajaomba kitu kingine mwaka mzima.

Leo baada ya ibada MaDlomo akatangaza mbele ya watu kwamba binti yake Olwethu atachukuliwa kwenda sherehe hiyohiyo na gari jeupe, refu, la kukodi. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya huruma, kama kile kilicho chini ya turubai langu kina injini au ni banda la kuku. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikarudi nyumbani, nikatoa turubai.

Najua kuendesha! Marehemu alinifundisha kwa pikapu. Nilitaka kupita mbele ya geti la MaDlomo mara moja tu. Kiti kiko chini, nilikaa kama mtu aliye ndani ya beseni. MaDlomo alikuwa amesimama getini. Nikampungia. Nilimpungia kwa mkono wa usukani.

Shimo!

Mlio kama sufuria imeanguka jikoni. MaDlomo akauliza kama hiyo ndiyo honi yake. Nilitabasamu hadi nyumbani, gari likichechemea.

Gurudumu la mbele, kushoto. Ringi, ule mzunguko wa alumini unaobeba tairi, imepinda mdomo. Tairi limelala chini. Nimetafuta tairi la akiba, halipo. Gari la fahari namna hii, halina hata akiba! Mzukisi akiona, hampeleki mtoto popote. Ee Mungu wangu.

Jumatatu, 21 Agosti

Nimefikiri. Alumini ni alumini. Nimenyoosha sufuria ngapi maishani?

Lilitha alipokwenda shule nikatoa jeki ya marehemu. Nati zilikataa. Nikapanda juu ya spana kwa miguu yote miwili, zikakubali. Nikaweka matofali chini ya gari. Nyundo nikaifunga kitambaa ili isitangaze.

Nikagonga. Makhulu hasikii hata redio, lakini hilo alilisikia. Akaniita nimfungulie mgeni. Nikamwambia hakuna mgeni. Nikagonga. Akaita tena, hodi hiyo, mfungulie mtu wa watu! Mwishowe akamkaribisha mwenyewe, akiwa kitini, akamuuliza habari za kwao.

Palipopinda pamenyooka kidogo. Pembeni yake pamepinda. Nikagonga pembeni. Kwingine kukapinda. Sasa ringi ina mawimbi.

Lilitha aliporudi nilikuwa nimefunika kila kitu. Akauliza kwa nini gari limeinama upande mmoja. Nikamwambia limelala. Nikampa mayai.

Jumanne, 22 Agosti

Karibu na kituo cha Highway kuna fundi Songezo, kazi yake ni kunyoosha ringi. Lakini nikipita na gurudumu mikononi, mtaa wote utajua kabla sijafika kona. Tena ni zito. Nikakitazama kiti cha magurudumu cha Makhulu.

Makhulu nikamlaza kitandani na chai yake. Gurudumu nikaliketisha kitini, nikalifunika blanketi, juu nikaweka kofia yake ya sufu. Mungu anisamehe. Lilikaa vizuri kuliko yeye.

Njiani mwenye duka akavua kofia. Wasichana wakapisha. Kila kwenye changarawe kofia inateleza. Halafu nani anatokea mbele? MaDlomo! Akapiga goti kidogo. Akalisalimia gurudumu, Makhulu, unaendeleaje? Nikasema amesinzia. Akanivuta pembeni, akanong'ona kwamba mama amekwisha, mabega yamekwenda wapi? Machozi yakamlenga. Nilimpenda kidogo, kwa mara ya kwanza.

Songezo akafunua blanketi, akasema shikamoo bibi, akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akatazama ringi, akaacha kucheka. Akauliza nani ameipiga. Nikasema shimo. Akasema, mama, hilo shimo lilikuwa na mikono?

Anaweza kuipasha moto na kuikandamiza. Lakini mashine ni ya umeme, na umeme wiki hii ni wa mgao. Nije Alhamisi. Nikamwambia Ijumaa ndiyo sherehe. Akasema yeye siye anayezima.

Nimerudi na kiti kitupu. Nilipita njia ya nyuma, watu wasije wakadhani nimemzika.

Jumatano, 23 Agosti

Siku mbaya.

MaDlomo amekuja na supu ya kumuaga Makhulu. Akamkuta uani kwenye kiti chake, mnene, anatafuna kuku na kumfukuza mbwa. MaDlomo akamtazama yeye, akanitazama mimi. Nikasema maombi yana nguvu. Makhulu akala na ile supu.

Hajaondoka vizuri, simu inalia. Mzukisi. Eti amelikumbuka gari, nimpigie picha. Nikapiga upande wa kulia. Akasema safi sana, sasa kushoto. Nikasema kushoto kuna nguo zimeanikwa. Akasema, dada, kwani nguo umezianika juu ya gari langu? Nikaanza kusema ksh, ksh, mtandao, ksh. Akasema huo mtandao unapumua kama dada yangu.

Kabla sijakata akasema jambo lililonikalisha chini. Amepata ruhusa kazini. Haji Ijumaa. Anafika kesho jioni!

Sikula. Lilitha amejaribu gauni lake, la kijani, limemkaa kama ngozi ya pili. Akazunguka mbele ya kioo. Akasema anamwona baba yake anavyocheka akimwona anapanda gari la mjomba. Nikaenda jikoni nikasema ni kitunguu. Hakukuwa na kitunguu.

Alhamisi, 24 Agosti

Alhamisi ni siku yetu akina mama wa kanisa. Nikavaa sare, blauzi nyekundu na kofia nyeupe, nikaenda. Wakati wa kutoa mahitaji ya kuombewa nikasimama. Nikasema kuna shida nyumbani kwangu, inahusu mwanangu na siku ya kesho, siwezi kuitaja, na mwenye kosa ni mimi mama, sikulinda nilichopewa kulinda. Nikalia. Kweli nililia.

Wakaguna wote kwa pamoja. Mama MamTolo, kiongozi wetu, akaja kunishika kichwa. MaDlomo akaomba kwa sauti kuliko wote. Akawaombea mabinti wanaokula kesho yao leo. Akawaombea mama zao wasijilaumu. Akaombea na huyo malaika asiye na hatia ambaye hajauona mwanga wa jua. Nikasema amina! Nilisema amina kuliko watu wote. Nilidhani malaika ndiye anayeshughulikia umeme.

Nikakimbilia kwa Songezo. Umeme upo! Ameipasha ringi moto, ameikandamiza, imekuwa duara. Nikataka kumkumbatia. Akanizuia. Pale nilipogonga na nyundo pamefunguka ufa. Akasema hampi mtu ringi yenye ufa, hata mtu asiyempenda. Nikamsihi. Akakataa. Nikamsihi kwa jina la marehemu. Akaniambia, mama, unataka binti yako akapande juu ya ufa huo? Nikaisukuma kando ile ringi.

Anayo nyingine, ya gari la aina ileile. Nati zinaingia. Lakini ni nyeusi, na vidole vyake vya katikati ni vingi kuliko vya ringi za Mzukisi, ambazo ni za rangi ya fedha. Akahamishia tairi, akasema mwendo uwe wa polepole. Nikalirudisha nyumbani kwa kiti cha Makhulu, bila kofia. Sina muda wa kofia.

Nilikuwa na kopo la rangi ya fedha ya kupaka vyuma vya madirisha. Nikafunga gurudumu, nikapaka. Kwa mbali, ukifumba jicho moja, ni lilelile. Sijamaliza kuosha mikono, geti linalia. Mzukisi!

Nikavuta turubai. Akataka kulifunua gari. Nikasema umande. Akasema, dada, jua hata halijazama. Nikasema umande wa siku hizi unawahi. Akalikumbatia juu ya turubai kama mtu na mke wake. Halafu umeme ukakatika, sijawahi kuufurahia mgao kama leo.

Rangi haijakauka. Kesho!

Ijumaa, 25 Agosti

Naandika, rangi bado iko mikononi.

Saa tisa mtaa wote uko getini kwangu kumuaga Lilitha, kama desturi. Watoto juu ya ukuta. Akina mama wa kanisa wamekuja wote, wamevaa sare. Nikashangaa, sare, Ijumaa? Hakuna anayepiga vigelegele. Wananishika mkono mmoja mmoja kama msibani.

Lilitha akatoka na gauni la kijani. Mwanangu! Macho yote kwenye tumbo lake. MaDlomo akasogea na shali kubwa jeusi, akamwambia kwa upole, vaa hili mwanangu, likusitiri, hakuna aliyekamilika. Lilitha akauliza limsitiri nini. Mama mmoja akamuuliza ni miezi mingapi.

Hapo ndipo nilipomwelewa yule malaika.

Lilitha akanitazama. Macho yale! Kidevu kimeanza kutetemeka, na poda yake yote ile. Na nyuma yangu Mzukisi amesimama na ufunguo mkononi, anasikia kila neno. Nikiongea, gari limekwenda. Nisipoongea, jina la mwanangu limekwenda.

Nikapanda juu ya kreti. Nikapiga kelele kwamba mtoto huyu hana mimba, ana mtihani! Shida niliyoiombea ni ringi! Nimeendesha gari la watu ili MaDlomo anione, nimeingia shimoni, nimeipiga kwa nyundo, nimeitembeza mtaani kwa kofia ya mkwe wangu, na iliyofungwa pale si yake!

Kisha Mzukisi kwa sauti ndogo, dada, kwa nyundo? Nikasema ndiyo. Akasema, ringi yangu mimi, kwa nyundo? Akaenda akavuta turubai. Turubai lilikuwa limeshika kwenye rangi, likabanduka nayo. Gurudumu nusu fedha, nusu jeusi, kama punda milia mgonjwa.

Mzukisi akakaa chini, na suti yake. MaDlomo naye ananong'ona, kwa hiyo nilipiga goti mbele ya tairi?

Aliyeanza kucheka ni Lilitha. Alicheka hadi akanishika bega. Akamwambia mjomba wake, mimi na wewe tulikubaliana gari, hatukukubaliana rangi. Mzukisi akalizunguka gari, akatikisa lile gurudumu, akakagua nati moja moja. Akasema shule si mbali, atakwenda mwendo wa ng'ombe, na atakayecheka atashuka kumpiga. MamTolo akasema kama ni mwendo wa ng'ombe, basi akina mama watatangulia, wameshavaa.

Kitabu, ungeona! Blauzi nyekundu mbele, gari jekundu nyuma, nyimbo, makofi, vigelegele sasa vya kweli. Nyuma yetu likaja gari jeupe refu la Olwethu. Halina pa kupita. Likapiga honi. Akina mama wakadhani linaitikia, wakaongeza makofi. Na aliyekuwa katikati ya barabara, amefumba macho, anaimba na kucheza, amemzibia mwanawe njia hadi getini mwa shule, ni MaDlomo mwenyewe!

Lilitha alishuka akiwa ameshika mkono wa mjomba wake. Kabla ya kupigwa picha akageuka, akanitafuta kwenye watu, akaniita nisimame naye. Nikasema mikono yangu ina rangi. Akasema njoo hivyohivyo, mama.

Jumamosi, 26 Agosti

Saa sita hii Lilitha bado amelala, viatu vikiwa miguuni. Olwethu amelala pembeni yake. Eti ni marafiki tangu darasa la tatu. MaDlomo na mimi hatukuwa na habari.

Mzukisi amekula makande, akaongeza. Amenisamehe, nadhani. Amesema gari lake sasa linafanana na mtu aliyevaa kiatu kimoja cha bibi yake. Amesema nisiliguse. Nimeapa. Ameondoka kwa basi na funguo zote.

Nimekaa uani nikilitazama, roho inaniuma. Lile gurudumu moja linaonekana geni kwa sababu liko peke yake. Yangekuwa manne ya namna moja, nani angejua? Mdogo wangu angerudi Desemba, akafunua turubai, akafurahi! Yeye amenikataza gari. Hakutaja ringi. Jeki ninayo, nyundo nimeificha mbali kabisa, na kopo la fedha limebaki nusu.

MaDlomo anakwenda Highway sasa hivi. Nimempa ujumbe kwa fundi Songezo: kama anazo nyingine tatu kama ile nyeusi, asimuuzie mtu, na aniletee jibu haraka, leo hii, kabla Lilitha hajaamka.