Malalamiko Dhidi ya Mpishi Aliyekula Pilau ya Kuachishwa Kazi

Udugu Hoteli,
Msambweni.
17 Aprili 2025

Kwa Afisa wa Kazi,
Kwale.

Bi. Afisa,

Assalaam alaykum, na kama salamu hii si yako, basi pokea habari za asubuhi, zote ni za kheri. Nimepata barua yako ya kuniita Jumatano kuhusu Bi. Mwanatumu, aliyekuwa mpishi wangu, anayedai kuwa nimemwachisha kazi kinyume cha sheria baada ya miaka kumi na mmoja, na anataka arudishwe. Barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja tu, lakini imenikosesha hamu ya kula, na hilo ni tangazo baya kwa mwenye hoteli.

Mimi sikurithi kitu. Nilianza na karai moja ya viazi pale stendi. Leo nina meza kumi na nne na nauza sahani 180 kwa siku, Ijumaa 240. Hesabu naijua. Kwa hivyo nitalalamika kwa nambari, tusipotezeane wakati.

1. Bi. Mwanatumu aliachishwa kazi kwa pilau. Wewe umetoka bara, nitakueleza. Siku moja kabla ya mfungo wa Ramadhani, sisi huku huvunja jungu: watu hukusanyika wakala, wakashiba, wakaombana radhi. Mimi mwezi huo hufunga hoteli. Kwa hivyo kila vunja jungu huwapa watu wangu pilau ya mbuzi, nikawaambia, "Haya jamani, tusameheane, kila mtu kwao." Hiyo ndiyo notisi. Baada ya Idi wakirudi, nawaajiri upya. Bi. Mwanatumu basi hakufanya kazi miaka kumi na mmoja. Alifanya miezi kumi na mmoja, mara kumi na moja, na kila mara tuliachana kwa wema. Mwaka huu sikumwajiri upya. Aliyefukuzwa yuko wapi?

2. Naambiwa sheria inataka mfanyakazi aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, mbele ya shahidi. Bi. Mwanatumu anaifahamu lugha gani kuliko pilau? Mashahidi walikuwa tisa. Alikula sahani mbili, akafunga ya tatu ya kupeleka nyumbani. Anayeikataa notisi haifungi akaenda nayo. Ni kweli pilau hiyo aliipika yeye mwenyewe, lakini angeipika nani? Na kosa lake analijua: aliniuliza mbele ya wateja ni lini nitamwandikia mkataba. Nikamwambia kwa upole, "Dada, mkataba ni wa watu wasiojuana." Akanijibu, "Basi jifanye hunijui, kaka, kitambulisho changu hiki hapa." Meza nne zilicheka.

3. Naambiwa tena kuwa kuandika mkataba ni jukumu langu mimi, na kama sikuandika, neno lake ndilo litakaloaminiwa. Bi. Afisa, jina la hoteli umelisoma? Hapa hatuna wafanyakazi, tuna ndugu. Yule mpishi wa cheti niliyemchukua baada ya Idi alikuja na mkataba wake tayari, kurasa nne, kabla hata hajanawa mikono. Nikautia sahihi, kwa sababu yeye ni mgeni. Ndugu naye akitaka heshima ya mgeni, udugu wetu utakuwa na faida gani?

4. Hapa ndipo penye dhuluma. Sheria inampa mfanyakazi likizo ya siku 21 kwa mwaka. Bi. Mwanatumu, kila Ramadhani, amekaa kwao siku 30, na mchele kilo kumi juu yake, na tende. Amezidisha siku tisa. Mara kumi na moja, ni siku 99. Ananidai haki mtu ambaye mimi ndiye ninayemdai! Na katika miezi mingine yote hoteli yangu haijafungwa hata siku moja, wala yeye hajakosa hata siku moja, mvua au jua. Hilo namsifu nalo, maana mimi si mtu wa kuficha ukweli.

5. Kwa hivyo naiomba ofisi yako imwamuru Bi. Mwanatumu azilipe siku hizo 99 jikoni kwangu, kuanzia Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri. Si kwamba nimeshindwa. Ni kwamba tangu Idi sahani zimeshuka kutoka 180 hadi 96, na mzee mmoja wa Majoreni, mteja wangu tangu enzi za karai, alionja pilau ya cheti, akauliza kama kuna mgonjwa ndani.

Nisalimie wote ofisini, na askari wa mlangoni. Mkipita Msambweni msinunue chakula kwingine.

Wako mwenye kudhulumiwa,
Kheri Abdurahman,
Mwenye Udugu Hoteli.

N.B. Barua hii nimempa Bi. Mwanatumu aje nayo Jumatano, kwa kuwa vitu vyangu vya maana sijazoea kumpa mtu mwingine. Alikuja leo kurudisha ufunguo wa stoo, ambao sikuwa nimeuomba. Akaisoma yote, akacheka, kisha akamwomba kalamu binti yangu Twaiba, aliyeichapa. Anasema sheria hiyohiyo inampa mtu siku moja ya kupumzika kila wiki. Wiki 48, mara kumi na moja, ni 528. Toa zangu 99. Nimeirudia hesabu mara tatu na inatoka vilevile: ananidai siku 429.

Twaiba sasa anachapa mkataba, na mwaka wa kuanza ameandika 2014. Sikubisha. Bi. Mwanatumu amekubali kurudi Jumatatu, ila anataka kuanza na hayo mapumziko. Bi. Afisa, yote niliyoandika hapo juu yafute. Nitafutie tu kifungu kinachomlazimisha mtu kupumzika kidogo kidogo.