Emrys wa Mabela

Alhamisi, 6 Novemba

Mjukuu! Wa kiume! Nywele tele, sauti ya muadhini. Nilimshika vidole nikakosa la kusema, mimi ambaye mke wangu Muhsina anadai sinyamazi hata kwa daktari wa meno. Subhanallah. Kitu kidogo vile, na kucha tayari zimekamilika!

Nina mabinti watatu, na huyu ni mtoto wa kwanza wa Ghadeer, mkubwa wao. Sina mtoto wa kiume. Jina la Yaqdhan limefika kwangu na hapo limekwama. Linaniuma, sisemi uongo. Basi mtoto huyu lazima aitwe Yaqdhan, awe somo wangu. Nimeshaamua.

Tatizo ni Bakhit, baba wa mkwe wangu Yaqoob, mume wa Ghadeer. Nilimkuta hospitali keshafika, kanzu mpya, kilemba kipya, anagawa halwa kama yeye ndiye aliyezaa. Alimwita mtoto "somo" mbele yangu. Somo wake yeye! Jina litatangazwa Jumatano, siku ya saba, kwenye akika nyumbani kwake mtaa wa Mabela. Muda ninao.

Ijumaa, 7 Novemba

Mpango wa kwanza: hoja. Baada ya sala nilimvuta Yaqoob pembeni. Nikamwambia jina la Bakhit tayari limo, kwani mtoto ni fulani bin Yaqoob bin Bakhit. Wakilirudia litakuwa Bakhit bin Yaqoob bin Bakhit. Mtu anatoka Mabela, anazunguka, anarudi pale pale Mabela! Yaqoob alicheka, akasema kwa adabu kwamba hata yeye kalifikiria hilo. Na kwamba kuna jina moja yeye na Ghadeer wamelipenda sana: Emrys.

Nilidhani dawa ya kikohozi. Alikuwa bado anaeleza jambo lakini mimi masikio yalishaziba kwa hasira. Nililoambulia ni kwamba Emrys ni mzee wa Wales aliyempangisha chumba wakati anasoma huko kwao Bangor. Yaqoob aliugua mapafu kwa ile baridi yao, na mzee yule akampikia supu mwezi mzima. Akamsogezea kabati ukutani ili apate pa kutandika msala.

Nimerudi kwangu Bawshar nikaingia kwenye simu kumchunguza adui. Ewe Mola! Hili si jina, ni ngome. Limetokana na Ambrosius la Kirumi, nalo limetoka kwa Wayunani, na maana yake ni asiyekufa. Alikuwepo jemadari wa jina hilo miaka elfu na mia tano iliyopita, akiwazuia wavamizi. Na kuna hadithi ya mfalme aliyekuwa akijenga ngome mlimani, kila ikisimama inaanguka. Akatokea kitoto Emrys akamwambia chimba chini, kuna majoka mawili yanapigana, jekundu na jeupe. Wakachimba. Yapo! Na mlima bado uko Wales, na jina la Emrys bado unalo.

Muhsina aliniuliza mbona nimeacha chai ipoe. Nikamwambia majoka. Akasema, "Nnajua ulivyo ukishika simu," akaenda zake kulala.

Jumamosi, 8 Novemba

Mpango wa pili: stika. Kwenye akika watu hupewa vijiboksi vya halwa vyenye jina la mtoto. Nikiwahi kuzichapisha, nani atathubutu kuzitupa? Niliendesha mpaka Mabela, mbali na macho ya Muhsina, nikampata Mhindi mmoja wa kuchapisha. Nikamwandikia: Yaqdhan bin Yaqoob. Pambo la mwezi na nyota. Mhindi akatikisa kichwa, akaniuliza huyu Yaqoob ana pacha nini, maana kuna mzee kaondoka sasa hivi na stika hizo hizo, mwezi huo huo, ila mtoto ni Bakhit.

Mshenzi! Yaani mtu mzima, mvi mpaka kwenye nyusi, anajificha kwa Mhindi kumchapishia mtoto jina kabla wazazi hawajasema! Nikachukua zangu nikazificha chini ya kiti cha gari.

Jumapili, 9 Novemba

Sikuweza kuacha. Nimesoma tena kuhusu Emrys badala ya gazeti. Jina lilipendwa sana Wales zama za mababu zao, halafu vijana wakaliona la kizee, likaanza kupotea. Siku hizi linarudi taratibu, lakini bado adimu. Ukiwakusanya watoto wote wa Wales waliopewa jina hilo mwaka mmoja, ukawaweka kwenye ukumbi wowote wa harusi hapa Bawshar, viti vitabaki. Sisi hapa ukiita Muhammad msikitini safu nzima inageuka. Ukiita Emrys, anageuka mmoja. Na mlima!

Nikapata mpango wa tatu, na huu ni wa akili khasa. Nitamtisha Bakhit kwa Emrys. Atatetemeka. Atatafuta jina lolote la heshima la kumwokoa mjukuu. Hapo nitakohoa kidogo na kusema: ama sivyo, kuna Yaqdhan.

Jumanne, 11 Novemba

Nilikwenda jioni kwa Bakhit, kwenye majlisi yake ya kupokelea wageni. Ajabu, alikuwa mpole. Akanimiminia kahawa kwa mkono wake, akasema afadhali nimekuja, ana habari ya kunifurahisha. Nikajua huo ni mtego. Nikamkatiza. Nikamwambia je, unajua hawa watoto wetu wanataka kumwita mjukuu Emrys? Akasema kasikia. Nikamwambia na maana yake je, unaijua? Asiyekufa!

Kikombe kilibaki hewani. Akasema astaghfirullah, asiyekufa ni Mwenyezi Mungu peke yake. Vizuri! Hapo ndipo nilipotakiwa kukohoa.

Sikukohoa. Sijui kilichonipata. Kumsikia analidharau lile jina, damu ilinichemka. Nikamuuliza, na ndugu yako Khalid je? Khalid maana yake nini? Si huyo huyo wa milele? Mbona hujamwambia abadilishe jina, na keshakwenda hija mara mbili? Nikamweleza jemadari. Nikamweleza majoka, nikayaonyesha kwa mito ya majlisi, mto mwekundu chini, mweupe juu. Wajukuu zake wengine walipiga makofi. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshapanda, nikamalizia ile ya mtu anatoka Mabela anarudi Mabela. Nikasema jina kama Bakhit mara moja linamtosha mtu yeyote.

Bakhit aliweka kikombe chini, akatazama zulia. Nikamuuliza ile habari yake ya kunifurahisha ni ipi. Akasema kaisahau.

Nimemmaliza! Nimerudi huku naimba kwenye gari.

Jumatano, 12 Novemba

Siku ya akika. Mbuzi, pilau, ubani, Mabela nzima ndani ya nyumba moja. Stika nilizitia mfukoni, mkono juu yake.

Kabla ya jina, Yaqoob aliunganisha simu na televisheni ya ukutani tumwone mzee Emrys huko Wales. Akatokea. Mzee mwembamba, fulana ya sufu, masikio makubwa, nyuma yake dirisha lina mvua. Yaqoob, mpangaji wake wa zamani, alisimama mbele yake kama mtoto wa skuli. Mzee akazungumza polepole, Yaqoob akitufasiria. Alisema baba yake aliitwa Emrys, na babu yake Emrys. Yeye kazaa mabinti. Binti mkubwa ana watoto wa kiume, lakini wakati huo jina lilionekana la kizee, wakapewa mengine. Akasema keshazoea, hamlaumu mtu. Kisha Ghadeer akamsogezea mtoto mbele ya simu. Mzee akavua miwani. Akasema kitu kwa Kiwelshi, si kwa Kiingereza, na Yaqoob hakuweza kukifasiri, ila kilisikika kama dua.

Nililia. Wallahi nililia mbele ya Bakhit. Lile ni jambo langu mimi, limetoka kwenye kinywa cha mtu wa upande mwengine wa dunia, kwenye mvua. Jina la miaka elfu na mia tano, na lilikuwa limekwama kwenye dirisha lile!

Halafu Bakhit akasimama kutangaza. Mtoto nyumbani ataitwa Emrys, kwa ihsani aliyofanyiwa baba yake. Kwenye cheti ataitwa Bakhit. Vigelegele! Na wajukuu wakaanza kugawa vijiboksi, kila kimoja na stika ya mwezi na nyota.

Nilikimbilia jikoni. Ghadeer akanifuata. Sijamwona na uso ule tangu alipofeli leseni ya gari. Akanieleza polepole, nami nayaandika kama alivyoyasema. Tangu mimba, wao walikuwa wamekubaliana: kwenye cheti Yaqdhan, nyumbani Emrys. Yaqoob alikuwa ananieleza hayo siku ya Ijumaa nikawa sisikii. Jumatatu walimwendea Bakhit. Alinuna, akafikiri, mwisho akaridhika, akasema kweli jina lake tayari limo na Yaqdhan hana mtoto wa kiume. Akaomba aniambie yeye mwenyewe, kwa kahawa, iwe suluhu baina yetu. Jumanne nikaenda mimi nikamtukania ndugu, nikamtukania jina mbele ya wajukuu. Nilipotoka pale alimwambia Yaqoob hawezi kutoa heshima yake kwa mtu wa namna hiyo.

Ghadeer akasema, "Baba, ungelinyamaza tu. Jina lilikuwa lako."

Nilikaa juu ya gunia la mchele. Muhsina akaja, akanitazama, akanipa sahani ya pilau na kunifuta pua kwa upande wa leso yake.

Faida ni moja. Kwa adabu zetu hakuna mkazamwana atakayeita "Bakhit!" kwa kelele wakati baba mkwe Bakhit yumo ndani. Kwa hiyo mtoto akimwaga maziwa, nyumba nzima Mabela italia: Emrys! Nimelisikia leo mara saba. Kila mara mwili unanisisimka.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimekwenda kumwomba radhi Bakhit. Nimembusu bega mbele ya watu wake. Kanisamehe, kanipa halwa. Nimemwahidi Ghadeer kwamba sitaingilia tena jina la mtoto wa mtu. Nimeapa. Nimejifunza mno wiki hii, ni mtu mwengine kabisa.

Mchana mzee Emrys kaniletea ujumbe wa shukrani kwenye simu. Kasikia mimi ndiye niliyepigania jina lake. Anasema hajalala kwa furaha. Tena ana habari: binti yake mdogo ni mjamzito, wanatarajia mtoto wa kiume, na binti huyu huenda akakubali kumwita Emrys. Anaogopa hata kuomba.

Masikini! Nilisoma mara mbili, machozi tena. Kaniletea na ujumbe wa sauti, nikamsikiliza anavyosalimia kwa Kiwelshi. Jamani, wana dh! Wana na kh, ya kooni kabisa, kama yetu; koo hilo q haitalishinda! Watu wameumbwa kulitamka jina langu na hawalijui. Nimetafuta kila mahali: Wales nzima sioni hata Yaqdhan mmoja. Mmoja! Hakuna jina adimu kuliko hilo nchi ile.

Nimemjibu hapo hapo kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, kwa upole. Nimemwambia asihangaike tena na Emrys, huku kwetu tayari lipo, tunalitunza. Huyo wa binti yake atafutiwe jina jipya. Kisha nikakohoa kidogo kwenye ile sauti, na nikamwuliza anwani ya kumtumia zile stika zangu.