Mpira wa Aina Mpya

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Umeme umekatika tena Kirumba. Safi! Gazeti nililofungiwa dagaa linasema mpira ukipakwa masizi pande mbili, ukavutwa, ukatiwa chaji, basi ukiuachia unaongeza umeme. Mzee Luhaga kasema binti yake Gladness haolewi na fundi redio asiyejulikana. Fundi mwenzangu Ngosha naye anamtaka, na ana jenereta. Mimi nina akili. Jumamosi nitajulikana.

Jumanne, 5 Agosti
Tyubu ya baiskeli, masizi ya betri kuukuu, chaji ya flashi ya kamera mbovu. Nikavuta, nikaachia. Kimya! Tyubu nene mno. Ngosha akapita, akauliza kama siku hizi naziba pancha. Mshenzi!

Jumatano, 6 Agosti
Mpira mwembamba kuliko yote uko zahanati, tena wa bure. Nikamwomba nesi Odeta mipira ya kinga sitini. Akauliza ni ya muda gani. Nikasema ukweli: mpaka Jumamosi. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, akanipa, akanisihi nile vizuri. Jioni nikamwamkia Mzee Luhaga. Hakuitikia. Nesi huyu ana mdomo!

Alhamisi, 7 Agosti
Taa ya testa imewaka! Siri ni kuukaza mpira kwenye fremu kabla ya kuupaka masizi. Mwanga mara mbili! Nikautia umeme, ukatanuka wenyewe. Nimebandika tangazo: JUMAMOSI SAA KUMI, UWANJANI. MPIRA WA AINA MPYA. WOTE KARIBUNI.

Jumamosi, 9 Agosti
Umati! Timu mbili zilikuja na jezi, refa na filimbi. Mzee Luhaga, shabiki sugu, mstari wa mbele. Nilipotoa fremu yangu wakazomea, Ngosha akiongoza. Kwa masizi yale hakuna aliyetambua ni mipira gani. Mzee akaja kuing'oa kwa hasira. Akavuta, akaachia. Taa pwaa! Akaruka akimwita mama yake kwa Kisukuma, mkono juu. Ule wa kulia, ambao tangu mwaka jana ulikuwa hauinuki kupita kifua! Watu wakapanga foleni kupigwa shoti. Wa nane alikuwa Ngosha, kashika kiuno.

Jumapili, 10 Agosti
Marahaba mbili! Gladness nimepewa, alicheka mpaka chai ikamwagika. Nina furaha mno. Mzee anataka mashine kubwa, hadi watu wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, wavuke kuja kutibiwa. Akauliza mpira ule unatoka wapi. Nikasema ni siri ya kitaalamu. Kesho naenda kwa nesi Odeta, nahitaji mia tatu. Akiuliza ni ya nini, nitasema ukweli: nimepata mchumba, na Mzee Luhaga mwenyewe ndiye kanituma.