Kompyuta Isiyohitaji Bando

"Itangazwe kwa wakazi wote wa Busia, Malaba na malori yao kwamba enzi ya kompyuta nzito imekufa na kuzikwa!"

Ndivyo alivyotangaza Oduori, akiwa amesimama juu ya kreti ya soda ambayo mwenye duka alikuwa akiitafuta.

Mkononi alishika kilaptopu chembamba kama sinia ya chai. Hakihitaji kuwekewa programu, alieleza. Kazi zako zote zinakaa mtandaoni, popote ukiingia unazikuta. Hadi hapo alisema kweli, jambo lililomchosha haraka.

"Na bando?" aliuliza Akiror, muuza mahindi wa Amukura.

"Mama, bando ni za watu wa zamani! Hii intaneti imo ndani, ya maisha."

Imo ndani, naam: ndani ya mfuko wa suruali yake, simu ikirusha mtandao. Kwa kila mteja Oduori aliingia kwa akaunti yake mwenyewe, si ya mteja, video zikacheza, watu wakafungua pochi. Mteja wa kwanza alikuwa mwanafunzi mmoja wa bweni, mwenye Kiingereza kingi na akili ya kuku, aliyelipa kwa karo ya muhula. Jina lake tunalificha kwa huruma.

Ijumaa asubuhi Oduori alikuwa Malaba, begi limejaa pesa, akingoja kuvuka mpaka kabla wateja hawajagundua kwamba bila simu yake mashine ni sinia kweli. Kujiburudisha, akafungua orodha yake kwenye simu: "Mafala wa Busia." Ghafla maneno yakaanza kujiandika yenyewe.

*Boss, fala namba tisa ni mimi. Nimenunua bando. Uliacha akaunti yako wazi kwenye mashine uliyoniuzia.*

Picha zake, mipango yake, hata "Ijumaa saa nne, kuvuka Malaba": vyote vilikuwa mbele ya mteja.

*Geuka.*

Akageuka. Akiror alikuwa juu ya bodaboda, kompyuta mapajani, wateja wengine nyuma yake.

"Kweli boss, mashine ni nzuri. Imenileta mpaka kwako. Leta begi."

Akiror akaanza kurudisha pesa kwa kufuata orodha. "Namba moja! Hapa imeandikwa, 'mwanafunzi, kalipa kwa karo.' Yuko wapi huyo mjinga?"

Hakuna aliyejitokeza.

Sawa, nakiri. Nilikuwa nimejificha nyuma ya lori la saruji. Akiror ni mama yangu.